Rotli ya Kwanza

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi Maharaj alinyoosha mikono yake minne akaanza kusukuma rotli, zile chapati nyembamba za Kigujarati zinazovimba zikiguswa na moto. Mkono wa kwanza ulikata donge, wa pili ukalisukuma mpaka likawa duara kama mwezi, wa tatu ukaligeuza juu ya chuma. Mkono wa nne, na huo ndio wa kuutazama, ulikaa pembeni umekunja vidole kama mgeni asiye na haja ya kitu. Rotli ya kwanza ilipovimba tu, mkono wa nne uliitoboa ubavuni, ukapenyeza kidonge kidogo kuliko dengu, ukapaka samli, ukaikunja mara mbili. Ungepiga chafya wakati huo, usingeona kitu.

Maharaj hakuwa mtu. Alikuwa mpishi-mashine, amefungwa ukutani kwenye jiko la familia ya Sodha, ghorofa ya tatu, Barabara ya Nane, Ngamiani, mjini Tanga. Jina walimpa wenyewe. Wahindi wa Tanga tangu zamani mpishi walimwita maharaj, wala hawakuona haja ya kumvua cheo huyu kwa kuwa ni wa chuma. Wa chuma alikuwa na sifa moja kuwazidi wote waliomtangulia: hakudokoa.

Aliyemfundisha ule ujanja wa mkono wa nne alikuwa Mhandisi Zaituni Mbelwa wa Kituo cha Mapigo, mahali palipotunza mioyo ya mji mzima bila mgonjwa kutoka nyumbani kwake. Kila mgonjwa alivaa bangili-pigo iliyohesabu mapigo yake. Ndani ya kila kidonge mlikuwa na punje-semaji, kitu kidogo kama haradali. Punje ilipoloa maji ya tumbo iliamka, ikasema, "Nimefika," na milingoti ya mtaani ikaidaka sauti hiyo na kuipeleka Kituoni. Huko, juu ya Ubao mkubwa wa ukutani, taa ya mgonjwa iliwaka kijani. Sheria ilikataza punje kutaja mahali ilipo, kwa heshima ya matumbo ya watu. Iliruhusiwa kutaja jina la mwenye kidonge, joto, na hali ya mahali ilipotua. Basi.

Ujanja wa rotli ulizaliwa kwa dhiki. Kituo kiliona kwamba wagonjwa wake wa Kihindi mioyo yao ilianza kuchoka mapema, na dawa waliziacha mapema zaidi. Huyu kafunga, leo ni siku ya kumi na moja ya mwezi, hata maji anayanywa kwa mashaka, kidonge atakimezaje? Yule anasema vidonge vina joto, vinamtoa vipele. Mwingine kaamka mzima, basi vilivyobaki kamgawia kaka yake, tena kwa mapenzi. Mzee Vrajlal Sodha, mwenye miaka sabini na sita, alikuwa na sababu fupi kuliko zote. Hataki.

Mkwewe Nirupa, mwalimu wa hesabu, mjane aliyebaki kumlea, ndiye aliyekuja Kituoni akilia. "Dada Zaituni, namwekea kidonge mezani asubuhi, nikirudi jioni kipo. Sanduku la dawa linapiga kelele mchana kutwa, yeye analifunika kwa mto."

"Anapenda kula nini?" Zaituni aliuliza.

"Rotli. Ila Maharaj kamkatia. Mbili tu kwa asubuhi."

Hapo ndipo Zaituni alipocheka kwa furaha ya mtu aliyeokota kitu njiani. Dawa iingie kwenye rotli ya kwanza, alisema, maana ya kwanza mtu haachi, ya pili anaweza kushiba. Nirupa akaweka sahihi. Mzee hakuulizwa. Kumwuliza kungeharibu siri yenyewe.

Na ikafanya kazi! Siku mia mbili na arobaini, taa ya Mzee Sodha haikukosa kuwaka kijani hata mara moja. Wakubwa wa Kituo walimkatia Zaituni keki yenye umbo la moyo, rangi yake ya kijani, ambayo kwa kweli ilitia kichefuchefu.

Tatizo lilikuwa moja. Mzee alikuwa anakufa.

*

Jumatatu, Daktari Mhina alimwita Zaituni ofisini, akafunga mlango.

"Zaituni, huyu mgonjwa wako ni mtu kweli?"

"Mtu, Daktari. Nimekaa naye, nimekunywa chai yake."

"Haya. Hebu nieleze. Joto la tumbo lake nyuzi thelathini na nane na nusu. Kila siku, miezi minane. Mwenye homa ya miezi minane si tungekwisha kula ubwabwa wa hitima yake?"

"Labda punje ni mbovu."

"Punje mia mbili na arobaini, ubovu mmoja?" Daktari aliinamia kioo. "Na tumbo halina uchachu. Halafu soma hapa. Punje imefika, imetulia kama saa nzima, kisha imerudi juu, imetafunwa, imeshuka tena."

"Imetafunwa?"

"Mara ya pili. Mimi nasoma tu, usinitazame hivyo."

Zaituni alisoma mwenyewe, akasoma tena, akavua miwani akaifuta, kama vile kosa lilikuwa la miwani.

Mwenye kupanga vipimo vya dawa pale Kituoni alikuwa Tabibu-Hesabu, mashine iliyosoma vitabu vyote vya tiba na isiyolala. Hoja yake ilikuwa nyoofu: dawa imemezwa, moyo bado unakwenda mbio, kwa hiyo dawa ni ndogo. Akaongeza. Moyo ukazidi mbio, akaongeza tena. Mara tano aliongeza, mpaka kidonge cha Mzee Sodha kikawa na nguvu mara sita ya kile cha kwanza. Kuhusu lile tumbo la ajabu, alitoa orodha ya magonjwa kumi na manne, na chini yake aliandika kwa adabu: *Huenda tumbo la mgonjwa lina vyumba vya ziada.*

"Sasa kaamua," Daktari Mhina alisema. "Tumbo hili halinyonyi dawa. Alhamisi asubuhi tunamtia hirizi."

Hirizi-dawa ilikuwa kijibomba kidogo cha kufukiwa chini ya ngozi ya bega. Ilimimina dawa moja kwa moja kwenye damu, usiku na mchana, na ikishawekwa haizimwi mpaka iishe.

"Kwa kipimo hikihiki?"

"Hikihiki. Mwili umekwisha kukizoea, si miezi minane anakimeza? Ila anahitaji sahihi yako. Wewe ndiye mdhamini wa umezaji. Weka jina lako kwamba dawa imemezwa kweli."

"Na kama haikumezwa?"

Daktari alimtazama. "Kama mwili ule haujawahi kuonja dawa hii, ukaimimina mara sita kwa mpigo, moyo utashuka kama ndoo iliyokatika kamba. Lakini imemezwa. Si unaona kijani?"

Zaituni aliona kijani. Ndiyo iliyomchanganya. Punje haiwezi kusema "nimefika" ikiwa mfukoni, wala kwenye jaa, wala ndani ya glasi ya maji. Ni lazima tumbo. Na tumbo limesema.

Jumanne alimeza punje mwenyewe, pamoja na chai na vitumbua, akakaa mbele ya Ubao kusubiri. Dakika ya nne taa yake iliwaka. Nyuzi thelathini na saba, uchachu wa kutosha, hakuna kilichotafunwa mara ya pili. Tabibu-Hesabu alimpongeza kwa moyo imara, akamwonya kwamba vitumbua vitano ni vingi.

"Vilikuwa vitatu," Zaituni aliiambia mashine.

Vilikuwa vitano.

*

Jumatano alfajiri alipanda ngazi za Barabara ya Nane. Lifti ilikuwa mbovu, ugonjwa ambao sayansi ya karne ile nayo ilikuwa haijaupatia dawa. Nirupa alimfungulia mlango kwa kunong'ona.

"Usiseme kitu. Anajua umekuja kumtazama Maharaj."

Mzee Sodha alikuwa amekaa kwenye bembea yao ya mbao sebuleni, ile inayoning'inia kwa minyororo ya shaba. Miguu ilikuwa imevimba mpaka kanda za viatu zilikuwa zimemchora. Alihema kati ya neno na neno, lakini Kiswahili chake cha Ngamiani kilikuwa hakijahema hata kidogo.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, fundi wa mpishi. Mwambie mtu wako aniongezee rotli moja. Mbili! Hata kuku wa kizuizini hupewa zaidi."

"Sukari yako, Mzee..."

"Sukari yangu ameionja nani?"

Maharaj alinyoosha mkono mrefu toka jikoni, akaweka sahani. Zaituni alikaza macho kama mtu anayemtazama mcheza kamari. Kisikizi, kile kidude cha kudaka sauti za punje, kilikuwa mkononi mwake. Mzee alijifunika shali, akamega rotli, akachovya kwenye achari, akaguna, akamuuliza habari za kwao Lushoto, kama mvua imenyesha, kama yule binamu yake aliyeoa mke mkubwa kwa umri bado yuko hai. Zaituni alijibu yote. Alipoinamisha macho tena, sahani ilikuwa nyeupe.

"Mgonjwa amemaliza," Maharaj alitangaza toka jikoni.

Zaituni alitazama kisikizi. Kimya. Dakika nne, kimya. Dakika kumi, kimya.

"Huwa inachelewa," Nirupa alimnong'oneza. "Nusu saa hivi, kila siku. Kituo walisema tumbo lake zito."

Mzee aliinuka kwa kujikongoja, akajiweka sawa shali lake. "Natembea kidogo. Daktari kaniambia nitembee."

"Bapuji, leo pumzika," Nirupa alimsihi baba mkwe wake.

"Kesho nitapumzika. Kesho si mnanipeleka kunitia hirizi? Mimi Mhindu, mnanitia hirizi!" Akacheka mpaka akakohoa, akatoka.

Zaituni hakujua la kufanya. Kidonge kimeingia tumboni, tumbo linaondoka, na sauti haijatoka. Akafikiri labda milingoti ina kasoro, labda akilisogelea lile tumbo atasikia vizuri. Basi akalifuata. Mhandisi mwenye shahada mbili, ananyatia tumbo la mzee wa watu.

Mzee Sodha alishuka ngazi kwa kupumzika kila ghorofa, mkono mmoja ukutani, mwingine umeshika kitu kifuani chini ya shali. Alivuka barabara, akapita karakana ya roboti wa taka, akaingia uchochoroni. Mwisho wa uchochoro palikuwa na banda la mabati. Maziwa ya Tanga siku hizo yalitengenezwa kwenye mapipa, na mtoto wa mjini aliweza kufika miaka ishirini hajaona kwato. Ngamiani nzima ilikuwa imebaki na ng'ombe mmoja, kwa kibali maalumu, chini ya Mama Kupaza, mwanamke mnene aliyevaa mabuti ya mpira na kanga kiunoni.

"Umechelewa leo," Mama Kupaza alimwambia mzee. "Mwenzio anakuulizia tangu alfajiri."

Mzee hakuwa na pumzi ya kujibu. Alifungua shali, akatoa leso, akaifungua leso. Ndani mlikuwa na rotli moja, imekunjwa mara mbili, inang'aa samli. Aligusa paji la uso la ng'ombe, akagusa lake mwenyewe, akasema maneno mawili matatu kwa lugha ya kwao, akanyoosha mkono. Ng'ombe aliitwaa rotli kwa ulimi, taratibu, kama bibi kizee anayepokea peremende.

Zaituni alisimama nyuma ya nguzo, akili yake imekwenda likizo. Alihesabu kidole kwa kidole: rotli ya kwanza, mkono wa nne, dengu...

Kisikizi kililia. *Nimefika*, kikasema, kwa ile sauti nyororo aliyoichagua yeye mwenyewe. *Kidonge cha Sodha, Vrajlal. Nyuzi thelathini na nane na nusu.*

Wote wawili waligeuka kumtazama. Watatu, ukimhesabu ng'ombe, ambaye alikuwa anatafuna bila haraka, akiwa na shinikizo la damu zuri kuliko mtu yeyote mjini.

*

"Unanifuata?" Mzee Sodha aliuliza.

"Mzee, hiyo rotli..." Zaituni alionyesha mdomo wa ng'ombe. "Kwa nini hukuila?"

"Ya kwanza? Nani anakula ya kwanza?" Mzee alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anavaa nguo. "Ya kwanza ni ya ng'ombe. Kwetu ndivyo ilivyo, tangu babu wa babu. Mke wangu Kanta alimletea huyu Gauri, na mama yake Gauri, na bibi yake, miaka arobaini na sita. Siku mliyomtundika mpishi wenu ukutani nilimwomba rotli tatu. Akapima damu yangu, akasema mbili. Nimnyime Gauri, au nijinyime mimi?"

"Kwa hiyo wewe unakula moja."

"Moja. Njaa nimeizoea."

Zaituni alipindua ndoo. Alikaa juu yake na kusema yote. Mkono wa nne. Kidonge. Sahihi ya Nirupa. Sahihi inayosubiriwa kesho. Alitegemea mzee atafoka.

Mzee hakufoka. Alitazama kiganja chake.

"Kwa mkono huu?" aliuliza. "Mwaka mzima kasoro, mimi nimemlisha Gauri dawa? Kwa mkono huu?"

"Kwa mwili wake ni kidogo sana, Mzee. Ni kama wewe kulamba chumvi."

"Ndiyo maana kawa mpole mno," Mama Kupaza aliingilia, "na maziwa kapunguza! Mimi nikasema labda uzee. Kumbe mmemfanya mgonjwa wa moyo! Mna wazimu nyie watu wa Kituo?"

Mzee aliketi juu ya gunia la pumba, akaegemea ubavu wa ng'ombe. Machozi yalimtoka bila sauti. Zaituni alikuwa amejiandaa kwa magonjwa kumi na manne, hili halikuwemo kwenye orodha.

"Ungeniuliza tu, binti," mzee alisema mwishowe.

"Ningekuuliza, ungekubali?"

"Ningekataa."

"Sasa?"

"Ungekaa. Ungeniuliza tena." Alifuta uso kwa ile leso ya samli. "Kanta aliniuliza kila siku, miaka kumi na mmoja. Namwambia sitaki. Ananiambia, mezea, nina kazi, sina muda wa ujane. Namwambia nenda zako. Anakaa hapo kwenye bembea, chai inapoa, haendi. Kila siku nilikataa, na kila siku nilimeza. Hakuna niliyoiacha. Hamkuandika hilo popote?"

Hawakuandika. Kwenye faili la Kituo, miaka hiyo yote ilikuwa na neno moja: *Anameza.*

"Alipoondoka duniani, Nirupa akaniwekea kidonge mezani, akakimbilia kazini. Sanduku likapiga kelele. Nimkatalie nani? Sanduku?"

*

Alhamisi haikuwa na hirizi. Zaituni alikuwa amempigia Daktari Mhina palepale bandani, na Daktari aliuliza tu, "Ng'ombe?" Akauliza tena, "Ng'ombe wa kawaida?" Kisha akafuta amri zote za Tabibu-Hesabu na kumwanzisha mzee kwa kidonge cha kwanza kabisa, kile kidogo.

Lakini miezi minane ilikuwa imekwisha kwenda. Vipimo vilionyesha theluthi ya nguvu ya moyo haitarudi. Mzee ataishi, Daktari alisema, ila zile ngazi asizishuke tena. Zaituni aliyaandika maneno hayo kwa mkono wake kwenye ripoti, na chini, mahali pa sahihi ya mdhamini, akaweka jina lake. Keki ya kijani hakuitaja.

Kazi ya kumrekebisha Maharaj ilimchukua siku tatu. Alimwagiza atoe rotli tatu, ya kwanza iwe tupu.

"Nyumba ina wakazi wawili," Maharaj alisema. "Rotli ya nyongeza ni ya nani?"

Ikabidi Gauri aandikishwe kuwa mkazi. Umri miaka tisa, kilo mia nne na ishirini, ugonjwa hakuna, kazi hana.

Kisha Zaituni, mhandisi hakomi, akamfundisha Maharaj kumwuliza mzee.

"Je, utameza dawa?" Maharaj aliuliza.

"Sitaki."

"Asante kwa jibu lako," Maharaj alisema, akaondoa sahani.

Alijaribu kumfundisha kung'ang'ania. Mashine ikauliza mara mia mbili kwa sauti ileile, mpaka mzee akaifunika kwa mto, na achari ikamwagika. Zaituni alikaa jikoni na bisibisi mkononi, hajui ni skrubu gani ilimfanya yule Kanta akae chai ikipoa. Alitafuta mpaka akachoka. Mwishowe Nirupa aliomba shuleni kwake apangiwe vipindi kuanzia saa tatu, akaketi kwenye bembea.

Rotli ya kwanza ikakosa wa kuipeleka. Zaituni alijitolea, kwa kuwa alipita njia hiyo akienda kazini, au ndivyo alivyosema. Njia yake ilikuwa upande wa pili wa mji. Siku mbili za mwanzo Gauri alimnusa mkono akageuza kichwa. Mama Kupaza alifurahi sana.

"Anakukumbuka wewe," alisema.

Siku ya tatu Zaituni alisimama pale, leso mkononi, rotli inapoa. Dirisha la ghorofa ya tatu lilikuwa wazi, na ugomvi ulifika mpaka bandani.

"Sitaki!"

"Meza, Bapuji, nina watoto arobaini wananisubiri."

"Nenda kwao!"

"Siendi."

"Nimesema sitaki, mwanamke huyu haelewi lugha gani?"

"Chai yangu imepoa kwa ajili yako."

Ugomvi ukakatika. Zaituni alinyoosha tena mkono wenye rotli. Gauri alinyoosha shingo, akamtazama, akafikiri, akaitwaa rotli.

Kisikizi kilikaa bila sauti dakika moja, mbili, tatu. Zaituni alikishika kwa mikono yote miwili, hajui aombe kwa nani.

*Nimefika*, kikasema. *Nyuzi thelathini na saba.*